Je, Wajua? Doa la Ukutani Lina Maji Nyuma Yake

Je, wajua kwamba paa la mabati lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5 hapa Kericho hupokea takriban lita 100,000 za maji ya mvua kila mwaka? Hesabu yake ni nyepesi. Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huacha lita moja ya maji, na nyanda za chai za Kericho hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba isiyo na gata humwaga maji hayo yote kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, hatua moja tu kutoka ukutani. Kabla hujaulizia bei ya rangi, tazama maji hayo yanakwenda wapi.

Je, wajua kwa nini mvua yetu hupenda kunyesha alasiri? Mchana hewa yenye unyevu hupanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria, ikakutana na pepo zinazotoka mashariki juu ya nyanda hizi, na mawingu yakakusanyika. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kwamba ukuta unaokauka saa nne asubuhi hulowa tena saa tisa. Upande wa Chepalungu, kule Bomet kunakopungua mvua, ukuta hupata siku nyingi za kupumua. Ndiyo maana rangi ya kopo moja inaweza kupendeza kwa muda mrefu Sigor ya Chepalungu na kuharibika mapema Kericho mjini, wala fundi hana kosa.

Je, wajua kwamba wekundu unaopanda chini ya kuta zetu ni chuma? Udongo wa nchi ya chai umetokana na miamba ya volkano iliyooza kwa muda mrefu sana. Maji yalichukua madini mengine, chuma kikabaki na kushikana na oksijeni, ndipo tukapata udongo huu mwekundu, wenye kina na wenye asidi, ambao mchai unaupenda. Sasa tone kubwa la mvua huanguka kwa kasi ya takriban mita 9 kwa sekunde. Likipiga udongo ulio wazi hurusha chembe zake nusu mita kwenda juu, wakati mwingine zaidi. Utaona mkanda mwekundu ukikoma karibu na goti au paja, na mara nyingi ni mzito zaidi pale ambapo paa halina gata.

Dawa ya mkanda huo imo ardhini. Funga gata, kisha mwaga kokoto upana wa nusu mita au zaidi kuzunguka nyumba, au panda nyasi uziache zishikane. Tone likianguka juu ya kokoto huvunjika bila kurusha udongo. Mafundi wengi hupaka sehemu ya chini ya ukuta rangi ya maruni, kahawia au kijivu, na huo ni uamuzi mzuri kwa macho, ila matope yanaendelea kuja na plasta inaendelea kulowa. Wakati wa kusafisha, acha matope yakauke na uyapige brashi kavu kwanza. Ukianza na maji unausukuma udongo ndani ya vitundu vya plasta, na huko hautoki tena.

Je, wajua kwamba Jik, ile dawa ya kupaushia nguo, haiondoi doa la kutu? Jik hufanya kazi kwa kuoksidisha, na kutu tayari ni chuma kilichooksidishwa. Hakuna cha kuongeza, na huenda doa likakolea. Kutu huyeyushwa na asidi: doa dogo kwenye plasta au sakafu hulegea kwa maji ya limau na muda, doa kubwa huhitaji asidi ya oksaliki iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Asidi hiyo ni sumu. Vaa glavu, funika macho, weka watoto na kuku mbali, na suuza kwa maji mengi. Tena jaribu kwanza kwenye kona isiyoonekana, kwa sababu asidi yoyote hula saruji kidogo.

Je, wajua kwamba majani ya chai yanaweza kukuonyesha chanzo cha michirizi myeusi kwenye nyumba ya mbao? Tengeneza kikombe cha strungi, yaani chai isiyo na maziwa, tumbukiza msumari wenye kutu na uuache usiku kucha. Asubuhi utakuta kinywaji kimekuwa cheusi. Tanini iliyomo kwenye majani imeshikana na chuma, na mchanganyiko wa chuma na tanini ni mweusi kabisa. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliandika vitabu na mikataba kwa wino uliotengenezwa hivyo hivyo, kwa tanini ya vivimbe vya miti na chumvi ya chuma.

Jambo hilohilo hutokea kwenye nyumba ya mabanzi kule Konoin au Litein. Mbao nyingi zina tanini, msumari wa kawaida una chuma, mvua inaleta maji. Chini ya kila msumari hujichora mstari mweusi, na mwenye nyumba anadhani mbao zinaoza. Hazijaoza. Asidi ya oksaliki huondoa mstari huo, lakini utarudi usipobadilisha msumari. Tumia misumari iliyopakwa zinki, au funika vichwa vya ile ya zamani kwa rangi ya mafuta kabla mvua kubwa hazijaanza.

Majani ya mikaratusi yaliyojaa kwenye gata huleta shida ya jamii hiyo. Maji yanakaa humo, yanachuja tanini kutoka kwenye majani, yanafurika na kushuka ukutani yakiwa na rangi ya kahawia. Yakipita juu ya bati lenye kutu hushuka yakiwa meusi. Mkaratusi uliopandwa karibu na nyumba kwa ajili ya kuni una gharama yake, na gharama hiyo huonekana kwenye ukuta mweupe kabla ya kuonekana mahali pengine popote.

Je, wajua kwamba doa la rangi ya machungwa ukutani huenda si kutu hata kidogo? Tazama ukuta wa plasta au jiwe usiopigwa na jua, upande ambako mvua husukumia ukungu. Ukiona utando wa rangi ya chungwa, mkavu na laini kama mahameli, huyo ni kiumbe hai anayeitwa Trentepohlia. Kwa ukoo ni mwani wa kijani. Amejaa rangi ya jamii ile inayofanya karoti iwe karoti, ikafunika ukijani wake wote. Hahitaji ziwa wala mto, unyevu wa hewa unamtosha, na hewa ya nchi ya chai ina unyevu wa kutosha.

Mwaka wa 2001 jimbo la Kerala, India, lilinyeshewa mvua nyekundu na watu wakashtuka. Uchunguzi ulioagizwa na serikali ya India ulieleza kwamba wekundu huo ulitokana na mbegu ndogo za Trentepohlia huyohuyo. Ana ndugu pia, Cephaleuros, ambaye badala ya ukuta huchagua majani na matawi. Katika nchi za chai kama India ndugu huyo huleta ugonjwa ambao wakulima huuita kutu nyekundu, ingawa hauna kutu wala chuma ndani yake. Kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuchafua nyumba ya mkulima na kudhoofisha mmea wake.

Utajuaje ni yupi, kutu au mwani? Dondosha tone la Jik juu ya doa na usubiri dakika chache. Likififia, basi ni kitu hai: mwani, kuvu au ukungu wa ukutani. Likibaki vilevile, basi ni kutu, masizi au udongo. Jaribio hilo halifiki bei ya kikombe cha chai, na linaokoa siku nzima ya kusugua kwa dawa isiyofaa.

Kwa madoa hai ya kwenye plasta, saruji au vigae, changanya kipimo kimoja cha Jik na vipimo vitatu vya maji. Lowesha ukuta, paka, acha kwa dakika 15 hadi 20 bila kuuruhusu ukauke, sugua kwa brashi laini na usuuze. Lowesha mboga na maua yaliyo chini kabla na baada ya kazi. Usichanganye Jik na dawa ya kusafishia choo, siki wala asidi nyingine yoyote, kwa sababu hutoa gesi ya klorini ambayo huchoma mapafu. Usiimwage juu ya mabati matupu pia. Hula zinki.

Zinki yenyewe ni adui wa mwani! Tazama paa la vigae lililofunikwa mgongoni kwa bati la zinki: mara nyingi utaona chini ya bati hilo mkanda safi, wakati kwingineko vigae vimekuwa vya kijani au vyeusi. Maji ya mvua huchukua zinki kidogo sana na kuishusha juu ya vigae, na kiasi hicho hutosha kuwanyima viumbe hao raha. Wamarekani, ambao mapaa yao ya vigae vya lami huchafuliwa kwa michirizi myeusi ya bakteria aitwaye Gloeocapsa magma, hufunga mikanda ya zinki au shaba juu ya paa makusudi. Hapa kwetu anayejenga kwa vigae anaweza kumwomba fundi afanye vivyo hivyo siku ya kufunika mgongo wa paa. Ila shaba usiiweke juu ya mabati ya zinki. Maji yanayotoka kwenye shaba huharakisha kutu ya mabati.

Likeni, yale mabaka ya kijivu na manjano yaliyobana juu ya vigae na mawe, yasikutie hofu. Ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja, wanakua milimita chache tu kwa mwaka, na wengi wao hawavumilii hewa yenye moshi wa salfa. Mwaka wa 1866 mtaalamu William Nylander aliona kwamba likeni za bustani ya Luxembourg mjini Paris zilikuwa zikionyesha ubora wa hewa. Ukiziona kwa wingi juu ya paa lako, ni dalili kwamba unavuta hewa safi. Mimi ningeziacha. Ya kuondoa ni ile mimea mororo ya kijani inayoota kwenye maungio ya vigae, kwa sababu hushika maji kama sifongo na kuyaelekeza ndani.

Mteremko wa paa nao una neno. Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu la Kericho, lililofunguliwa Mei 2015, lina paa refu la vigae vya udongo lenye mteremko mkali, na mteremko wa namna hiyo humwaga maji upesi kabla kigae hakijayanywa. Paa lililolala, hata la bei ghali, hubaki na maji na uchafu muda mrefu.

Je, wajua umri wa bati la migongo? Mhandisi Henry Robinson Palmer wa London alipata hati ya ubunifu wa bati lenye mikunjo mwaka wa 1829. Mwaka wa 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata yake ya kufunika chuma kwa zinki iliyoyeyushwa. Mabati yaliingia huku kwa wingi pamoja na reli ya Uganda, ambayo ilipita Londiani na Kipkelion, wakati huo stesheni ikiitwa Lumbwa, na kufika ziwani Desemba 1901.

Zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Bati likikwaruzwa na chuma kikaonekana, zinki iliyo kando huanza kuliwa badala ya chuma. Hujitoa mhanga. Kwa hiyo mkwaruzo mwembamba hauleti kutu mara moja. Kutu huanza pale ambapo zinki imekwisha, na kwisha kwake kunategemea unene wa tabaka lake. Uliza tabaka hilo dukani pamoja na geji, maana geji hukuambia unene wa bati: kadiri namba inavyopungua ndivyo bati linavyokuwa nene, na bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 32. Mabati ya kisasa yenye mchanganyiko huwa na tabaka la alumini asilimia 55, zinki asilimia 43.4 na silikoni asilimia 1.6 kwa uzito. Yanadumu sana, lakini saruji mbichi ikiyamwagikia huyala, basi yafutwe papo hapo.

Je, wajua kwa nini rangi ya mafuta hubambuka kwenye mabati mapya? Zinki hushikana na mafuta yaliyomo kwenye rangi na kutengeneza aina ya sabuni kati ya rangi na bati. Rangi inakosa pa kushika, inaanguka vipande vipande, na mwenye nyumba analalamika kwamba ameuziwa rangi bandia. Ama tumia rangi ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya zinki, ama acha mabati yapigwe na mvua na jua kwa miezi kadhaa mpaka mng'aro upotee.

Unga mweupe juu ya mabati mapya ni kutu ya zinki. Hutokea mabati yakipangwa yakiwa yamelowa, maji yakabanwa katikati bila hewa. Anayenunua mabati leo na kujenga mwaka ujao, na wako wengi wanaojenga kidogo kidogo baada ya malipo ya bonasi ya chai, ayasimamishe kwa mwinamo ndani ya stoo kavu na kutenganisha kila bati kwa vipande vya mbao.

Je, wajua kwamba majani ya chai yaliyooza yamewahi kushukiwa kuleta mvua ya mawe? Nyanda za Kericho na Nandi hutajwa miongoni mwa mahali panapopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Mwaka wa 1982 Russell Schnell na Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba takataka za majani ya chai ya Kenya zina chembe zinazoweza kuyafanya maji ya mawinguni yagande. Chembe hizo zikipanda na upepo, huenda zikasaidia mawe kuumbika. Kwa paa, kila jiwe la barafu ni nyundo ndogo. Huchubua rangi, hulegeza washa za misumari, na baada ya miezi michache utaona nukta za kahawia pale mawe yalipopiga. Baada ya dhoruba kubwa panda ngazi ukague, au umtume fundi.

Misumari nayo itazamwe. Kwenye bati la migongo msumari hupigwa mgongoni, si bondeni ambako maji hupita, na uwe na washa ya mpira. Duara la kahawia kwenye dari, lenye ukingo mweusi kuliko katikati, kwa kawaida liko chini au karibu na msumari uliolegea, ingawa maji yanaweza kusafiri juu ya mbao kabla ya kudondoka. Kupaka dari rangi bila kubadilisha msumari huo ni kutupa pesa.

Mbolea pia hutia madoa. Gunia la NPK 26:5:5 likiegemezwa ukutani huvuta unyevu wa hewa, chumvi zake zikayeyuka na kuingia kwenye plasta, na ukuta huo utatoa jasho na unga mweupe hata gunia likishaondolewa. Likigusa bati, bati huliwa. Mkojo wa ng'ombe hufanya hivyo hivyo kwa mabati ya zizi, ndiyo maana huoza kuanzia chini. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta.

Je, wajua kwamba mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiisha umeacha zaidi ya lita 9 za maji nyumbani mwako? Gesi ikiungua, haidrojeni yake hushikana na oksijeni na kuwa mvuke wa maji. Kila kilo ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Lita moja ya mafuta ya taa hutoa takriban lita moja. Ongeza mvuke wa sufuria, nguo zinazoanikwa ndani kwa sababu nje kunanyesha, na pumzi za watu waliolala.

Maji hayo huenda wapi? Hewa yenye joto la nyuzi 25 inaweza kubeba takriban gramu 23 za mvuke katika kila mita ya ujazo. Ikipoa hadi nyuzi 10, kama zinavyopoa alfajiri za Julai, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 9 au 10. Kilichozidi hugeuka maji juu ya kitu chenye baridi kuliko vyote, yaani bati lisilo na dari, kona za ukuta, na ukuta ulio nyuma ya kabati. Hapo ndipo ukungu mweusi huota. Watu huparamia paa kutafuta tundu wasilione, maana tundu halipo.

Hiki ndicho kipimo chake. Bandika kipande cha nailoni kwenye ukuta, uzibe pande zote nne kwa utepe wa gundi, na uache siku mbili. Nailoni ikilowa upande wa chumbani, unyevu umetoka kwenye hewa ya nyumba: fungua madirisha unapopika, sogeza kabati mbali na ukuta, acha matundu ya hewa wazi hata kama baridi inauma. Ikilowa upande wa ukutani, maji yanatoka ndani ya ukuta au ardhini. Ukungu wenyewe ulowe kabla ya kuusugua ili vumbi lake lisiruke, na anayefanya kazi hiyo avae barakoa. Mwenye pumu asiifanye. Huenda mtoto anayekohoa usiku analala karibu na ukuta wa namna hii, nasi tunaendelea kununua dawa ya kikohozi tu.

Jikoni pa kuni pana doa la aina yake. Moshi wa kuni mbichi hubeba lami, lami hugandamana na bati lenye baridi, na jasho la bati likija hudondoka likiwa matone ya kahawia yanayonata. Paka rangi ya maji juu yake mara tatu na doa litatokeza mara tatu. Futa masizi kwa kitambaa kikavu kwanza, osha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, acha pakauke, kisha ziba kwa rangi ya kwanza ya mafuta kabla ya rangi ya maji. Halafu jenga dohani, kwa sababu kinachochafua ukuta kinaingia pia kifuani mwa mama anayepika.

Je, wajua kwamba unga mweupe wenye chumvi kwenye kuta za chini huanzia ardhini? Saruji, matofali na udongo vina chumvi. Maji hupanda ndani ya ukuta kupitia vitundu vidogo, yanafika nje, yanakauka, chumvi inabaki. Kuosha kwa maji huirudisha ndani ikangoje tena. Piga brashi kavu, kusanya unga, utupe mbali. Kwa anayejenga sasa, tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi, lile mafundi huliita DPC, ni bei ndogo ukilinganisha na gharama yote ya nyumba, na ukishapandisha ukuta huwezi kulirudia kwa urahisi. Simama hapo siku linapotandikwa. Kwa nyumba ya zamani, chimba mtaro wa kuondoa maji, shusha udongo uliorundikana ukutani, na usipake rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu, maana itavimba malengelenge.

Chokaa ingefaa zaidi hapo. Ina ukali wa alkali unaozuia ukungu kuota ikiwa mbichi, na huuacha ukuta upumue. Tena haiko mbali. Mawe ya chokaa ya Koru, chini ya vilima vyetu upande wa Kisumu, yana asili ya volkano ya Tinderet, jambo adimu kwa mawe ya chokaa. Mwaka wa 1926 H. L. Gordon, mlowezi wa Koru, alikuta mifupa ya kale ndani ya mawe hayo, na mwaka wa 1933 nyani mkubwa wa kale aliyetambuliwa humo alipewa jina la Proconsul.

Michirizi ya kahawia inayoanzia kwenye fasha bodi na kunuka kwa ukali ni mkojo wa popo. Subiri watoke jioni, hakikisha hakuna watoto wao ndani, kisha ziba matundu. Kinyesi chao kikavu kilowe kabla ya kukizoa, na uvae barakoa.

Sasa mawili ya mwisho, na haya nayasema kwa mkazo. Mapaa ya kijivu ya asbesto bado yako juu ya shule na nyumba kadhaa za zamani nchini. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka hatari. Paa hilo lisisuguliwe, lisipigwe maji ya presha, lisikatwe wala kutobolewa kwa ajili ya kuondoa weusi, maana nyuzi zake zikivutwa huleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Liache lilivyo na uwaulize NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ni nani aliyeidhinishwa kuliondoa. Na kabla hujapanda na brashi juu ya paa lingine lolote, kwanza chomoa bomba linalopeleka maji kwenye tangi. Uliache limechomolewa mpaka mvua moja au mbili nzuri zilisuuze paa, ndipo ulirudishe. Nyumba nyingi huku hunywa maji ya paani. Mwambie na fundi wako, kabla hajafungua kopo la dawa.